Nataka Kuzitundika Ukutani Barua Zote Zilizonikataa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mchoraji. Natumia wino na rangi za maji, na maisha yangu nayaendesha kwa kazi nyingine ambayo sitaitaja hapa kwa sababu wenzangu wa ofisini wanakusoma.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikituma maombi: maonyesho ya pamoja, ufadhili, nafasi za wasanii kwenda kukaa mahali na kufanya kazi kwa miezi michache, kuchora picha za vitabu vya watoto. Karibu kote nimekataliwa. Siandiki haya ili unionee huruma. Huruma nimeshapata ya kutosha, na haijanisaidia kuchora hata mstari mmoja.

Majibu yote nimeyatunza. Yaliyokuja kwa barua pepe niliyachapisha, sijui hata kwa nini, pengine nilitaka tu kuyashika mkononi. Nilipoyapanga mezani likanishangaza jambo moja: yote yana sauti moja. Yananishukuru. Yanasikitika kunifahamisha. Yanasema maombi yalikuwa mengi na ya kiwango cha juu. Yananitakia kila la heri. Yameandikwa na watu wasiojuana, wa nchi mbalimbali, lakini ukiyasoma mfululizo utaapa kwamba ni mtu mmoja aliyejifungia chumbani akiyaandika usiku kucha.

Usiku mmoja nikachukua wino, nikaanza kuyafunika maneno ya barua mojawapo, nikabakiza machache. Yaliyobaki yakasomeka: “tunasikitika wewe ni wa kiwango cha juu”. Nikacheka kwa sauti, peke yangu. Nikavuta nyingine. Tangu hapo hiyo ndiyo shughuli yangu ya kila jioni. Kuna nilizozifunika kwa mawimbi, kuna nilizozifunika kwa ndege wanaoruka. Sijatuma ombi jipya popote tangu nianze, maana akili yangu yote iko huku.

Sasa nataka kufanya maonyesho. Nataka wale waliotia saini barua hizo waje wasimame mbele yake, waone walichokosa. Rafiki yangu ananihimiza sana. Anasema jambo kama hili litasambaa mtandaoni siku hiyo hiyo. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwangu amesimama mahali pa baba, alizitazama akanyamaza, kisha akasema mtu mwenye akili hajianiki. Nilikasirika, lakini maneno yake hayajanitoka.

Kuna mawili mengine. Katika rundo hilo ipo barua moja isiyofanana na wenzake: mhariri wa vitabu aliniandikia ukurasa mzima, akasema michoro yangu ni mizuri ila wahusika wangu wote wanatazama pembeni, hakuna anayemtazama msomaji. Nayo niifunike? Na ipo taasisi iliyowahi kunikataa ambayo sasa hivi ina ombi langu lingine mezani. Nikiionyesha barua yao ya zamani, si nitakuwa nimejifungia mlango?

Halafu, nitumie jina langu au jina la bandia? Na kwa kweli, Shangazi, hii ni sanaa au ni kinyongo nilichokipaka rangi?

Mchoraji wa Jioni

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa mengine yanalitegemea. Kwa jinsi ulivyoeleza, kazi yako hivi sasa ni nusu sanaa, nusu kinyongo. Sanaa iko pale unaposema barua zote zina sauti moja. Kinyongo kiko kwenye “waje waone walichokosa”. Hicho nakushauri ukiache mapema, na si kwa sababu kinyongo ni kitu kibaya, maana kazi nyingi nzuri zimeanzia huko. Kiache kwa sababu hawatakuja. Aliyetia saini barua yako alitia saini nyingine nyingi siku hiyo, na hakukumbuki. Ukitengeneza maonyesho kwa ajili ya mtu asiyekuja, wale watakaokuja watajiona wanasikilizishwa ugomvi usiowahusu.

Hiyo sauti moja ndiyo mada yako. Wewe si mada. Najua linachoma, lakini fikiri: kukataliwa hakuna upya wowote, kila anayeomba hukataliwa. Kitu kipya ni jicho lako kugundua kwamba watu wasiojuana, wakitaka kusema hapana, hujificha nyuma ya shukrani zile zile na masikitiko yale yale. “Tunasikitika” ni akina nani hao? Kuna aliyesikitika kweli? Kwa nini ni vigumu hivyo kwa mtu kuandika, “Nilizitazama picha zako, sikuzipenda”? Maswali ya namna hiyo yatamsimamisha hata asiyekujua mbele ya ukuta wako, kwa sababu naye ana barua zake: za kazi, za mkopo, za chuo, pengine na za mchumba.

Msanii wa Kifaransa Sophie Calle aliachwa na mpenzi wake kwa barua pepe, na barua yenyewe ilimalizia kwa kumwambia ajitunze. Angeweza kuitundika kama ilivyo, sisi tumwonee huruma na tumlaani yule bwana. Hakufanya hivyo. Aliwagawia wanawake 107, akamwomba kila mmoja aisome kwa macho ya kazi yake: mwanasheria kisheria, msahihishaji wa maandishi kwa kalamu yake, mcheza dansi kwa mwili wake. Kazi hiyo ilionyeshwa mwaka 2007 katika banda la Ufaransa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, na jina la mwanamume hakulitaja. Ukiipitia unaona Calle mwenyewe amekaa kando kabisa. Barua iko moja, wasomaji ni zaidi ya mia, na kila msomaji anaifungua upya. Kuumia kwake ndiko kulikoanzisha, lakini hakukuachiwa usukani.

Mwingine nakupa kwa sababu atakuchekesha. Julien Prévieux, Mfaransa pia, miaka ya mwanzo ya 2000 alikuwa akisoma matangazo ya kazi kisha anawaandikia waajiri barua za kuikataa kazi ambayo hakuna aliyempa. Anaeleza kwa nini haitaki. Na baadhi ya waajiri wakamjibu kwa ile ile barua yako: tunakushukuru, tunasikitika, hatukukuchagua. Yaani hao hawakuisoma. Ukitaka ushahidi kwamba sauti uliyoisikia ipo kweli, ni huo, na yeye aliupata kwa kugeuza tu mwelekeo wa barua.

Sasa kuhusu mbinu yako nina neno gumu kidogo. Kufunika maneno na kubakiza machache kumeshafanywa, tena sana. Mwingereza Tom Phillips alianza mwaka 1966. Alinunua riwaya ya karne ya 19 ambayo watu walishaisahau, akawa anapaka rangi kurasa zake na kuacha maneno machache yakielea, na akaendelea kuifanyia kazi hiyo hiyo kwa karibu miaka hamsini. Waliomfuata ni wengi mno, siku hizi ni zoezi la darasani. Kwa hiyo mtazamaji hatashangazwa na kule kufunika. Atauliza umebakiza nini, na kwa nini hicho. Barua yako ya kwanza imebakiza sifa zako mwenyewe, na inachekesha. Ya tano ikifanya vile vile hatacheka. Ya kumi atakuwa anatafuta mlango.

Jiwekee sharti linalokubana. Usibakize kamwe neno linalokusifu, kwa mfano. Au bakiza tu yale yanayojirudia katika barua zote, kila neno mahali pake palepale kwenye karatasi, kisha uzipange kwa safu ili mtu akitembea aone “tunasikitika” ikipanda na kushuka ukutani. Au usifunike kabisa. Zisomeshe kwa sauti kwa watu ambao kazi yao ni kusema hapana, uwarekodi. Sharti zuri utalijua kwa dalili moja: litakukatalia jambo ulilolipenda. Mimi nakutajia tu, wewe ndiye mchoraji. Ila ndege uwatafakari upya. Ndege anayeruka juu ya barua ya kukataliwa kila mtu atajua maana yake kabla hajavaa miwani.

Na kabla sijasahau, kwa kuwa unatumia rangi za maji. Natumaini huchori juu ya barua halisi. Zile zilizokuja kwa posta zitie kwenye bahasha isiyo na asidi uziweke mbali na mwanga, ufanye kazi kwenye nakala. Wino wa printa nyingi za kunyunyiza huchuruzika ukiguswa na maji, chapa ya leza haichuruziki. Karatasi ya kawaida ya ofisini hujikunja ikilowa, na ile ya bei ya chini hugeuka manjano baada ya miaka, hivyo chapisha kwenye karatasi nzito ya pamba ikiwa printa inaikubali. Utashukuru siku ya kuweka fremu.

Kaka yako usimkasirikie. Mwaka 1863 huko Paris, jopo la Salon, yaani maonyesho rasmi ya serikali, lilikataa kazi nyingi kiasi kwamba kelele zikamfikia mtawala wa Ufaransa, Napoleon III. Akaamuru zilizokataliwa zionyeshwe kando, watu wajiamulie wenyewe. Wasanii waliruhusiwa kuziondoa kazi zao kama hawataki, na wengi waliziondoa, kwa hofu ile ile ya kaka yako. Haikuwa hofu ya kijinga. Watu walifurika, na walifurika kucheka. Picha ya Édouard Manet, yenye mwanamke aliye uchi ameketi nyasini pamoja na wanaume waliovaa suti, ilichekwa kuliko nyingi. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba kuanzia hapo mambo yalimnyookea. Hayakumnyookea. Mwaka 1865 jopo lilimkubalia picha nyingine, na alitukanwa zaidi kuliko alipokataliwa.

Ninachotaka ukione kwa Manet ni kwamba alitundika picha. Hakutundika barua ya jopo. Kukataliwa kulimpatia ukuta tu, na kilichokaa ukutani kilipaswa kujitetea chenyewe. Kaka yako akija akakuta karatasi zinazosema “nilikataliwa, nilikataliwa”, basi alisema kweli, umejianika. Akikuta kazi kuhusu namna ofisi zinavyosema hapana, atakuwa na la kuuliza. Mwalike kabla hujafungua kwa watu wengine. Aliyezitazama akanyamaza kwanza ndipo akasema, huyo alizitazama kweli, na mtazamaji wa hivyo utamhitaji.

Rafiki yako ndiye ninayemwogopa zaidi. Mwaka 2010 mwanasayansi Melanie Stefan aliandika katika jarida la Nature akiwashauri watafiti wawe na wasifu (CV) wa yale waliyoshindwa, kando ya ule wa mafanikio. Mwaka 2016 Johannes Haushofer, wakati huo profesa msaidizi katika Chuo Kikuu cha Princeton, akauweka wake hadharani: vyuo vilivyomkataa, tuzo alizokosa, majarida yaliyomrudishia makala. Ukasambaa kila mahali, hadi akaongeza ndani yake kwamba wasifu huo umepata wasomaji wengi kuliko kazi zake zote za kitaaluma. Alikuwa anatania, lakini utani huo una mwiba. Na yeye, kumbuka, alikuwa ameshapata kazi Princeton. Kushindwa kwake kulisomwa na watu waliokwisha kuona mafanikio yake. Wewe bado. Ukijulikana kwanza kama “yule wa barua za kukataliwa”, picha zako nyingine zitakaa foleni nyuma ya jina hilo kwa muda mrefu. Sisemi usiziweke mtandaoni. Nasema uwe na kazi nyingine tayari ya kuonyesha siku watakapokuuliza, “Na nini kingine?”

Hapo ndipo naikuta ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka: hujatuma ombi popote tangu uanze. Umeiandika kana kwamba ni habari njema. Labda ulihitaji kupumzika, na hilo ni haki yako. Lakini pia inawezekana umepata mahali pazuri pa kujificha, ambapo hakuna wa kukukataa kwa sababu hakuna unayemwomba. Siwezi kujua kwa mbali hivi, wewe unajua. Ukimaliza kusoma hapa, chagua tarehe ambayo mradi huu utakuwa umefungwa, barua itakayofika baada ya hapo isiingie. Na jioni mojawapo ya kila juma irudishe kwenye zile picha ulizokuwa ukizifanya kabla ya haya yote. Maonyesho yenyewe utayaombea ukumbi, si ndiyo? Kwa hiyo kuomba hutakukwepa.

Upande wa sheria, fahamu kwamba katika nchi nyingi karatasi uliyotumiwa ni mali yako, ila maneno yaliyomo hubaki kuwa haki ya aliyeyaandika. Mwaka 1987 mahakama ya rufaa ya Marekani ilimzuia mtu aliyeandika kitabu cha maisha ya mwandishi wa riwaya J. D. Salinger kutumia maneno ya barua za Salinger, ingawa barua zenyewe zilikuwa kwenye maktaba za vyuo ambako mtu angeweza kwenda kuzisoma. Wewe huchapishi barua nzima, na unachokifanya kimebadilika sana kutoka asili yake, hivyo hali yako si kama ile. Hata hivyo futa majina ya watu, saini, anwani, nembo na namba za maombi. Kisanaa nako utafaidika, kwa kuwa jina la taasisi likionekana mtazamaji ataanza kuhukumu taasisi na kuiacha sauti. Ukipata ukumbi mkubwa au ukitaka kuchapisha kitabu, muone mwanasheria wa hakimiliki kwanza.

Barua ya mhariri usiifunike. Haimo kwenye mada. Mada ni barua zisizoandikwa na mtu, na hii iliandikwa na mtu aliyekaa na michoro yako mpaka akaona macho yanatazama wapi. Kuichanganya na nyingine ni kumkosea. Nimejiuliza kama ulimjibu, maana hukusema. Kama hukumjibu, mwandikie mistari mitatu ya shukrani, bila kuomba chochote. Kisha chora mhusika anayemtazama msomaji. Chora wengi. Sijaziona picha zako, lakini mtu aliyefanya kazi ya kutazama picha za vitabu amekupa bure jambo ambalo wengine hulilipia, na wewe umeliweka kwenye rundo moja na “tunakutakia kila la heri”. Ningekuwa wewe, pale mwisho wa safu ya barua ningeweka mchoro mmoja wa hao wapya, bila maelezo.

Ile taasisi yenye ombi lako mezani, barua yao ya zamani iweke kando hadi wakujibu. Si kwamba nakufundisha woga. Ukimwomba mtu kitu, humwigizi wakati bado anafikiri. Wakikukubali, utaamua kama bado unaitaka ukutani. Wakikukataa, na tarehe yako ya kufunga haijafika, utakuwa na mbili.

Jina la bandia sikushauri. Jina la kujificha lingekuwa na maana kama ungekuwa unafichua siri za mtu, na hapa hakuna siri ya yeyote isipokuwa yako, nayo umeshaamua kuitoa. Tena barua zile ziliandikiwa mtu fulani, na mtazamaji anahitaji kuamini kwamba huyo mtu yupo. Majina yao yafute yote. Lako liache pale lilipo, baada ya “Mpendwa”.